CHAKULA CHA ZAMU NA MAISHA YA MFANYAKAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi letu la wafanyakazi wa reli)



Sisi tunaosema ni watu wa genge la njia. Kazi yetu ni mataruma, kokoto na nyundo, wala si udaktari. Tulipoomba nafasi ya kusema juu ya chakula wenzetu wengine walicheka. Walisema chama ni cha mshahara, si cha sufuria. Twawajibu hivi: mshahara huishia wapi kama si katika sufuria? Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja na wengine wengi, waliacha kazi kwa sababu mshahara haukutosha gharama za kuishi. Basi neno la chakula si geni katika vyama vya wafanyakazi wa nchi hii.

Siku zile mfanyakazi alilia kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo. Leo wengi wetu hatukai njaa kazini, maana karibu na kila stesheni kuna kibanda. Lakini vile tunavyovipata kibandani vina hatari yake, na ndiyo habari tuliyowaletea.

Si siku nyingi tangu tulipomzika mwenzetu wa genge letu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na presha, na siku moja baada ya zamu ya usiku moyo wake ulisimama. Hatusemi ya kuwa soda ndiyo iliyomwua. Hakuna daktari aliyeandika hivyo, na mtu huweza kufa kwa sababu nyingi zilizoshikana. Lakini tulipokaa matangani tuliulizana: ndugu yetu alikuwa akila nini zamu ya usiku kwa miaka yote ile? Jibu halikuwa la kutafuta, kwa sababu tulikula pamoja naye. Ilikuwa soda ya nusu lita, pakiti ya biskuti, smoki mbili, na pengine tambi za haraka zilizomwagiwa maji ya moto. Hayo ndiyo yalitufanya tutafute habari, na leo twawaeleza tuliyoyapata.

CHAKULA TUNACHOKISEMA

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hatusemi ya kuwa kila kitu kilichopita kiwandani ni kibaya. Unga wa mahindi hupita kinuni. Maziwa huchemshwa na kutiwa katika pakiti. Maharagwe hukaushwa na kufungwa. Vyote hivyo ni chakula kama tulivyokijua nyumbani.

Mwaka wa 2009 Profesa Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, nchini Brazil, alieleza njia ya kugawa vyakula kwa namna vinavyotengenezwa, nayo njia hiyo huitwa NOVA. Yeye alikuwa ameona jambo la ajabu katika hesabu za manunuzi ya nyumba za Brazil. Watu walikuwa wakinunua sukari, chumvi na mafuta ya kupikia kidogo kuliko zamani, na huku unene na ugonjwa wa sukari ukizidi. Sababu ni kwamba vitu hivyo vilikuwa havinunuliwi tena kwa kilo. Vilikuwa vikiingia nyumbani ndani ya vyakula vilivyokwisha kutengenezwa.

Njia hiyo ina mafungu manne. Fungu la kwanza ni chakula chenyewe: mahindi, maharagwe, ndengu, viazi, nduma, sukuma wiki, mayai, samaki, nyama, maziwa. Fungu la pili ni vitu vya kupikia, kama mafuta, chumvi na sukari. Fungu la tatu ni chakula kilichotengenezwa kwa kuchanganya hayo mawili, kama samaki wa mkebe, au mkate wa unga, maji, chumvi na hamira. Fungu la nne ndilo tunalolisema leo, nalo huitwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi.

Katika fungu hili la nne kiwanda huchukua mahindi, ngano, soya au miwa na kutoa humo wanga, mafuta, sukari na vitu vingine. Kisha vitu hivyo huunganishwa upya, vikatiwa rangi, harufu ya kutengenezwa, na dawa za kulainisha na za kushikanisha, ili vipendeze mdomoni na vikae dukani miezi mingi. Humo zimo soda, juisi za unga, biskuti nyingi, soseji na smoki, tambi za haraka, krisps na peremende. Mikate mingi ya dukani imo pia.

Njia nyepesi ya kuvijua ni kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Ukikuta mle majina ya vitu ambavyo hakuna mama awezaye kuwa navyo jikoni mwake, basi umeshika chakula cha fungu la nne. Mandazi ya mama wa pale getini, yaliyokandwa kwa unga, sukari na hamira, hayamo katika fungu hili. Wala chipsi zilizokatwa kutoka kwa viazi mbele ya macho yako hazimo. Hatusemi ule chipsi kila siku, kwa sababu mafuta mengi na chumvi nyingi vina madhara yake. Twataka tu kila kitu kiitwe kwa jina lake.

WALIYOYAONA WACHUNGUZI

Mwaka wa 2019 zilitoka habari za uchunguzi mkubwa wa Hispania. Walikuwa watu 19,899, wote wamesoma chuo kikuu, waliofuatwa kwa miaka mingi tangu 1999. Wale waliokula vyakula vya fungu la nne zaidi ya mara nne kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 62, wakilinganishwa na wale waliokula chini ya mara mbili. Maana yake si kwamba watu 62 katika 100 walikufa. Maana yake ni hii: kama katika kundi la walaji kidogo wangekufa watu 10, katika kundi lililo sawa nalo la walaji sana wangekufa kama 16.

Mwaka ule ule wa 2019 Wafaransa walitoa hesabu yao. Waliwafuata watu 44,551 wenye umri wa miaka 45 na zaidi. Waliona ya kwamba kila sehemu ya fungu la nne katika chakula cha mtu ilipozidi kwa asilimia 10, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 14.

Mwaka wa 2024 ilitoka habari ya Marekani, na hii yatuhusu sana, kwa maana wengi wao walikuwa wauguzi, watu wajuao kazi ya zamu kama sisi. Watu 114,064 walifuatwa kwa muda wa miaka thelathini na zaidi. Katika hesabu hii tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile ya Hispania: waliokula sana vyakula hivi walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 4 tu. Hatukutaka kuwaficha hesabu ndogo na kuwaonyesha ile kubwa peke yake. Lakini wachunguzi walisema pia ya kuwa vitu vyote havikuwa sawa. Vilivyoonyesha madhara kwa nguvu zaidi ni nyama za kiwandani, kama soseji, pamoja na vinywaji vya sukari. Tena waliona ya kuwa ubora wa chakula chote cha mtu, kama mboga, matunda na kunde za kutosha, una uzito kuliko kiasi cha vyakula hivi.

Mwaka wa 2025 wachunguzi walikusanya hesabu za nchi nane: Brazil, Chile, Colombia, Mexico, Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Waliangalia vifo vya watu wa miaka 30 mpaka 69, yaani vile vinavyoitwa vifo vya kabla ya wakati. Walikadiria ya kuwa kila asilimia 10 ya kuzidi kwa vyakula hivi huongeza hatari hiyo kwa asilimia 3 hivi. Colombia, ambako watu hupata humo asilimia 15 ya nguvu ya chakula chao, vifo vilivyokadiriwa ni karibu asilimia 4 ya vifo vyote vya kabla ya wakati. Uingereza na Marekani, ambako hupita nusu, vilifika karibu asilimia 14.

Mwenzetu mmoja aliuliza swali zuri. Alisema, Je, labda hao walaji wa soseji ndio hao hao wavutao sigara na wasiofanya mazoezi? Wachunguzi walijaribu kuondoa mambo hayo katika hesabu, lakini hayawezi kuondoka yote. Ndiyo sababu jaribio moja dogo ni la maana sana.

Jaribio hilo lilifanywa Marekani na Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya, habari zake zikatoka 2019. Watu 20 walikubali kukaa katika hospitali ya uchunguzi kwa siku 28. Wiki mbili walipewa vyakula vya fungu la nne, na wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa. Sahani zilipimwa zikawa sawa kwa sukari, mafuta, chumvi na nguvu ya chakula, na kila mtu aliambiwa ale mpaka atosheke. Walipokula vya fungu la nne walikula zaidi kwa kalori 500 hivi kila siku, na walikula upesi zaidi. Katika wiki mbili uzito wao uliongezeka kwa gramu 900 hivi. Walipopewa chakula cha kupikwa ulipungua kwa kiasi kile kile. Watu walikuwa wale wale, mahali pale pale, na hakuna aliyewalazimisha. Basi asije mtu akatuambia ya kuwa mfanyakazi mnene ni mlafi tu.

Sababu zake twazieleza kwa ufupi. Vyakula hivi ni laini, huteremka upesi, na mtu humaliza kabla tumbo halijampa habari ya kushiba. Havina nyuzinyuzi nyingi kama za maharagwe na mboga. Soda ya nusu lita huweza kuwa na sukari gramu 50 na zaidi, na Shirika la Afya Duniani lasema gramu 50 hivi ndizo mwisho wa siku nzima kwa mtu wa kadiri, na ingekuwa bora zisizidi 25. Shirika hilo lasema pia chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na pakiti moja ya tambi za haraka yaweza kubeba karibu nusu yake. Tena mwaka wa 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika hilo walitangaza ya kuwa nyama za kiwandani huleta saratani ya utumbo mpana. Mtu akila gramu 50 kila siku, yaani kama soseji moja, hatari yake huzidi kwa asilimia 18. Hatari hiyo ni ya kadiri kwa mtu mmoja, si sawa na ya sigara, lakini kwetu si soseji moja wala si siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

KWA NINI TWAVILA

Sasa twafika penye moyo wa maneno yetu. Ni rahisi kusimama hapa na kusema, Ndugu, acheni soda. Kila mmoja angeitikia, na zamu ya leo usiku sote tungeinunua tena. Twavila kwa sababu ya namna kazi yetu ilivyopangwa.

Githeri haipikwi kwa dakika kumi. Maharagwe yataka saa nyingi, na makaa au gesi ni ghali. Mtu anayetoka nyumbani saa tisa za usiku hawezi kuwasha jiko. Akibeba chakula kutoka nyumbani, hana mahali pa kukipasha moto, na wakati wa jua kali huweza kuchacha kabla ya saa sita. Mapumziko ya kula ni mafupi, na pengine gari lililochelewa huyala yote. Maji ya kunywa yakikauka, mtu hukata kiu kwa soda. Pakiti ya biskuti haitaki moto, haitaki sahani, wala haitaki muda. Kwa hiyo pakiti hushinda.

Kuna stesheni moja, hatutaitaja, ambako zamani akina mama walileta sufuria zao getini saa sita za mchana. Palikuwa na maharagwe na chapati, ndengu na wali, ugali na sukuma wiki, na uji wa wimbi kwa watu wa asubuhi. Mama akikujua, alikupimia na kukungoja mpaka mwisho wa mwezi. Siku moja waliambiwa waondoke kwa ajili ya usafi wa mahali. Hatukatai usafi, kwa maana chakula kichafu nacho huua. Lakini hawakupewa bomba la maji wala kibanda. Waliondolewa tu, na mahali pao pakawekwa kiosk chenye friji ya soda na rafu za pakiti. Tangu siku hiyo watu wa stesheni ile hula pakiti. Hakuna aliyewauliza kama wamependa.

Tena tusiwatupie wake zetu mzigo huu wote, tukisema warudi jikoni watupikie. Wengi wao nao wanafanya kazi, na dada zetu wengine wamo humu mkutanoni na wana zamu kama sisi. Mwanamume aweza kuloweka maharagwe usiku kabla ya kulala. Asubuhi huiva upesi na makaa hupungua. Sisi watu wa genge tumejaribu kwa zamu: kila siku mmoja huleta githeri ya watu sita katika chombo kikubwa, na wengine huchanga. Gharama yake kwa mtu mmoja imekuwa chini ya ile ya soda na smoki. Mara mbili chakula kilichacha kwa kukosa mahali pa kukiweka, tukarudi kwa pakiti. Hapo ndipo tulipojua ya kuwa jambo hili halitamalizwa na watu sita peke yao.

TUNAYOYAOMBA

Nchi nyingine hazikuliacha jambo hili kwa mnunuzi peke yake. Mexico ilianza kutoza kodi ya vinywaji vya sukari mwezi wa Januari 1, 2014. Chile, mwaka wa 2016, iliamuru pakiti zenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori nyingi ziwekwe alama nyeusi mbele, ambayo hata mtoto huiona, na manunuzi ya vinywaji vya sukari yenye alama hiyo yalipungua karibu kwa robo. Hayo ni ya serikali. Sisi twaanza na yale yaliyo karibu na mkono wa chama.

La kwanza, maji safi ya kunywa katika kila karakana, kila stesheni na kwa kila genge lililo njiani. Hii si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri aweke maji hayo.

La pili, mapumziko ya kula yawe mapumziko kweli, yaandikwe katika mapatano yetu, na yakipotea kwa ajili ya gari kuchelewa, yarudishwe au yalipwe.

La tatu, mahali pa kupashia chakula moto na pa kukihifadhi. Chumba kimoja, jiko moja la gesi, friji moja. Gharama yake si kubwa, na mtu mmoja akilazwa kwa ugonjwa wa moyo, kazi hupotea kwa gharama inayozidi hiyo.

La nne, akina mama wa chakula wapewe mahali penye maji na kivuli, wapimwe afya kama ilivyo kanuni, na waruhusiwe kuuza. Na penye kantini, kamati ya wafanyakazi ishauriwe kabla mkataba haujatolewa, na katika vyakula vya kila siku pasikose maharagwe au ndengu pamoja na mboga.

La tano ni letu wenyewe. Mikutano ya tawi hili imezoea kutoa soda na biskuti. Twaomba kuanzia mkutano ujao tutoe chai, viazi vitamu au njugu, na maji. Tusimwambie mwajiri abadilike na sisi tukikaa vile vile.

Bwana Mwenyekiti, mtu asitoke hapa akifikiri tumesema ya kuwa soda moja ya harusi itamwua. Neno letu ni la chakula cha kila zamu, mwezi baada ya mwezi. Wengi wetu tumo katika miaka ya thelathini. Kila mwezi twakatwa fedha za akiba ya uzeeni. Tumepigania akiba hiyo, na tunaangalia sana hesabu zake zisipotee. Mwenzetu tuliyemzika alikatwa fedha hizo kwa miaka kumi na saba. Aliyekwenda kuzichukua ni mjane wake, akiwa na mtoto mgongoni. Twataka watu wa tawi hili wafike wenyewe kwenye dirisha lile, kwa miguu yao.

Basi twaomba mkutano uyapokee maombi haya matano, uyapigie kura leo, na Katibu ayapeleke kwa mwajiri kwa barua kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya. Ndugu wasioridhika na waseme sasa, tuyatengeneze pamoja.

Umoja ni nguvu.